Maswali ya Wasomaji: Kishikwambi Kinachopoteza Wi-Fi Kila Mara

SWALI

Ndugu Mhariri wa safu, salaam. Nina kishikwambi ninachokitumia kusomea na kuandalia masomo, na kwa takribani miezi miwili sasa kimekuwa kikipoteza Wi-Fi mara nyingi kwa siku. Nikiwa sebuleni karibu na ruta hali huwa nafuu, lakini nikiwa chumbani, hata kipindi cha video cha nusu saa hukatika mara mbili au tatu. Nikikifunga kava na kukiacha mezani, nikija kukifungua naikuta alama ya Wi-Fi imepotea, na siku nyingine ipo lakini ina alama ya mshangao pembeni, wala hakuna ukurasa unaofunguka. Simu yangu, ambayo iko kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, haina tatizo lolote. Nimezima na kuwasha ruta mpaka nimechoka. Fundi mmoja amenishauri nikirudishe kishikwambi katika hali kilivyotoka kiwandani. Mwingine amesema kimekwisha, ninunue kingine. Nimfuate yupi?
Mwalimu aliyechoka kuwasha upya

JIBU

Ndugu Mwalimu, kwa sasa usimfuate yeyote kati yao. Ushauri wa kwanza utakufutia kila kitu ulichohifadhi kabla hujajua ugonjwa ni upi, na wa pili utakutoa fedha kwa kosa ambalo huenda si la kishikwambi hata kidogo.

Barua yako ina jambo ambalo barua nyingi za aina hii hulikosa: umetofautisha siku ambazo alama ya Wi-Fi hupotea na siku ambazo hubaki ikiwa na mshangao. Sisi watumiaji tumezoea kuyaita yote mawili “mtandao umekata”, lakini ni matatizo mawili yasiyo na undugu wa karibu. Alama ikipotea, maana yake ni kwamba kishikwambi na ruta vimeachana, yaani mawasiliano ya redio kati yao yamevunjika. Alama ikibaki na mshangao, kishikwambi bado kimeshikana na ruta, ila hakifiki kwenye intaneti. Kasoro inaweza kuwa katika anwani kiliyopewa, au ng'ambo ya ruta kabisa, kwenye laini ya mtoa huduma. Siku utakapouona mshangao, fungua kivinjari uandike anwani ya ruta yenyewe, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1 na kwa kawaida imechapwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini au nyuma ya ruta. Ukurasa wa ruta ukifunguka ilhali kurasa nyingine zimegoma, kishikwambi chako hakina hatia siku hiyo.

Nina shaka pia na ushahidi wa simu yako. Simu nyingi za leo, zikiona Wi-Fi imelegea, huhamia kimyakimya kwenye data za laini na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na mwenye simu hagundui mpaka bando liishe mapema. Kishikwambi kisicho na laini hakina pa kukimbilia, kwa hiyo ndicho kinachoonekana kibovu. Zima data za simu kwa siku nzima, uitumie chumbani palepale unapotumia kishikwambi, kisha uone kama itaendelea kujigamba.

Baada ya hapo fanya jaribio ninalolithamini kuliko mengine yote, kwa sababu halihitaji utaalamu wala kufuta chochote: rusha intaneti kutoka kwenye simu yako, unganisha kishikwambi nayo, uviweke mita moja au mbili kutoka kimoja hadi kingine, ukitumie kwa saa nzima kama kawaida yako. Chagua kazi isiyokula data nyingi, kwa mfano redio ya mtandaoni. Kishikwambi kikitulia saa nzima bila kukatika hata mara moja, redio yake, yaani sehemu inayopokea na kutuma mawimbi ya Wi-Fi, ni nzima na macho yako yahamie kwenye ruta na mazingira ya nyumba. Kikikatika hata hapo, basi kasoro imo ndani ya kishikwambi, iwe ya mipangilio au ya kifaa chenyewe, na hapo ndipo mafundi wako wawili wanapoanza kuwa na hoja.

Wakati majaribio haya yakiendelea, chukua daftari uandike kila kinapokatika: saa ngapi, ulikuwa wapi, kioo kilikuwa kimewaka au kimezimika, na kilirudi chenyewe au ulikirudisha kwa mkono. Siku tatu au nne zinatosha. Najua kazi hii inachosha, na wengi huiruka, lakini Wi-Fi ina tabia ya kukatika kwa mpangilio, na mpangilio huo ndio unaomtaja mhusika. Kinachokatika kila kioo kinapozimika si sawa na kinachokatika chumbani tu, na hicho nacho si sawa na kinachokatika kila baada ya saa moja kamili.

Nianze na habari ya kava, kwa kuwa dalili zake ni za wazi zaidi. Ruta hutuma tangazo fupi la kujitambulisha karibu mara kumi kwa sekunde, na kifaa kilicholala hutakiwa kuamka kila baada ya matangazo kadhaa ili kusikiliza kama kuna ujumbe wake. Mpango huo huokoa betri bila kuvunja muungano. Lakini hali ya kuokoa betri ikiwashwa, vishikwambi vingi huruhusiwa kulala fofofo, na kisipojibu kwa muda ruta hukiondoa kwenye orodha ya wateja wake. Ukifungua kava, kishikwambi hulazimika kuanza upya: kitafute mtandao, kithibitishe nenosiri, kiombe anwani. Kwa kawaida kazi hiyo humalizika katika sekunde chache. Ikichukua dakika au ikishindikana, mwenye kifaa huona amepoteza Wi-Fi.

Ingia kwenye mipangilio ya betri, uzime hali ya kuokoa betri kwa siku mbili za majaribio. Katika vishikwambi vya Android vya matoleo ya zamani, tafuta pia kipengele kinachouliza kama Wi-Fi ibaki imewashwa kioo kikilala, ukichague kiwe “daima”. Katika baadhi ya vifaa kipengele hicho kimejificha kwenye mipangilio ya kina ya Wi-Fi, na katika matoleo mapya kimeondolewa kabisa, kwa hiyo usipokiona usidhani umekosea njia. Chunguza vilevile programu ulizoziweka mwenyewe kwa ahadi ya “kuongeza kasi” au “kusafisha kifaa”. Kwa maoni yangu nyingi hazina faida yoyote, na baadhi huzima huduma za nyuma, Wi-Fi ikiwemo, kila kioo kinapozimika. Ziondoe kabla hujaendelea. Na kama kuna sasisho la mfumo linalosubiri, liweke, kwa maana kasoro za programu inayoendesha redio hurekebishwa kwa njia hiyo na si kwa njia nyingine ambayo mtumiaji anaweza kuifikia.

Suala la chumbani ni suala la mawimbi, na hapa nitakaa kidogo. Ruta nyingi za sasa hurusha katika masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Yale ya 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta kwa urahisi zaidi, lakini yana msongamano mkubwa, kwa kuwa Bluetooth, oveni za maikrowevu na vifaa vingine vingi vya nyumbani vinaishi humo humo. Ya 5 yana nafasi na kasi, ila ukuta mmoja wa zege huyapunguza sana, na wa pili unaweza kuyamaliza. Sasa, ruta nyingi huyapa masafa yote mawili jina moja na kukiachia kifaa kichague. Simu mpya huchagua vizuri. Kishikwambi cha miaka kadhaa mara nyingi hung'ang'ania masafa ya 5 kilichoyashika sebuleni, kikaenda nayo chumbani yakiwa yamebaki uzi, na badala ya kuhamia 2.4 mapema husubiri mpaka uzi ukatike ndipo kianze kutafuta. Hiyo, kwa dau langu, ndiyo hadithi ya vipindi vyako vya video.

Namna ya kulithibitisha ni kuingia kwenye ukurasa wa ruta na kuyapa masafa hayo majina mawili tofauti, kwa mfano kwa kuongeza namba 5 mwishoni mwa jina la moja. Chumbani unganisha na lile la 2.4 pekee, na uviambie vifaa vyako vilisahau jina jingine. Kasi itapungua, lakini video ya somo haihitaji kasi kubwa. Inahitaji mawasiliano yasiyokatika. Ukitaka kuona kwa namba badala ya kukisia, pakua programu ya kupima mawimbi ya Wi-Fi. Nguvu huonyeshwa kwa namba hasi: -50 ni nzuri sana, -67 bado inatosha kwa video, na ikishuka hadi -80 kukatika kusikushangaze. Kumbuka kwamba kila namba inaposhuka kwa 10, nguvu iliyobaki ni sehemu moja tu ya kumi ya ile ya awali, kwa hiyo tofauti kati ya -60 na -80 ni mara mia moja. Pima ukiwa umekishika kishikwambi kama unavyokishika unapokitumia, maana antena zake zimo kandokando ya umbo lake, mahali pale pale viganja vinapokamata, na kava lenye bamba la chuma linaweza kuongeza madhara.

Ruta nayo ikae mahali pa maana. Wengi huificha nyuma ya televisheni au sakafuni pembeni mwa kabati, kisha wanalaumu kifaa. Iinue iwe juu ya usawa wa meza, mbali na jokofu, tangi la samaki na vioo vikubwa vya kujitazamia, kwa sababu chuma na utando wa madini ulio nyuma ya kioo huyarudisha mawimbi, na maji huyameza. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza jioni mbili nikipekua mipangilio ya kishikwambi cha ndugu yangu, nikisahau mtandao na kuuunganisha tena, mpaka nilipochomoa diski ya nje iliyokuwa imechomekwa nyuma ya ruta, waya wake ukiwa umelala juu ya antena. Diski zinazotumia USB ya toleo la 3 hutoa kelele ya redio inayoangukia karibu kabisa na gigahezi 2.4. Nilipoichomoa tu, kukatika kukakoma. Mwenye kishikwambi alidhani nimefanya ufundi mkubwa.

Ukiona katika daftari kwamba kukatika kunatokea saa za jioni, majirani wote wakiwa nyumbani, tazama chaneli, yaani vijia vidogo ambavyo masafa yamegawanywa. Katika 2.4 zipo chaneli 13 katika nchi nyingi, na 11 Marekani, lakini zimepishana kwa megahezi 5 tu ilhali kila ruta hutumia upana wa takribani megahezi 20, kwa hiyo jirani aliye chaneli ya 3 anamkanyaga aliye ya 1 na aliye ya 6 kwa pamoja. Chagua 1, 6 au 11, ile ambayo programu ya kupimia inaonyesha ina ruta chache au zilizo dhaifu. Kwenye masafa ya 5 kuna mtego wa namna nyingine: chaneli za 52 hadi 144 kwa kawaida zinatumiwa kwa kushirikiana na rada, na ruta ikihisi rada hulazimika kuhama mara moja, tena kabla ya kutumia chaneli nyingine ya kundi hilo husikiliza kwanza kwa dakika nzima. Mtumiaji huona Wi-Fi ya 5 imetoweka na kurudi yenyewe baada ya dakika moja au zaidi, bila sababu. Ukiona hivyo, weka chaneli ya 36, 40, 44 au 48.

Daftari likionyesha kukatika kila baada ya saa moja, kwa usahihi wa kutia shaka, usihangaike na kuta. Ruta hubadilisha mara kwa mara ufunguo wa siri unaotumiwa na vifaa vyote kwa pamoja, na baadhi ya ruta zimewekewa sekunde 3600 kwa kazi hiyo. Kifaa chenye programu iliyozeeka kikishindwa kuupokea ufunguo mpya hutolewa nje. Katika ukurasa wa ruta, kwenye sehemu ya usalama, muda huo unaweza kurefushwa. Hapo hapo tazama aina ya ulinzi iliyochaguliwa. WPA3 ilitangazwa mwaka 2018, na ruta nyingi mpya huichanganya na WPA2 ya mwaka 2004 ili ziwahudumie wote. Vishikwambi vya zamani kidogo wakati mwingine huchanganyikiwa na mseto huo. Chagua WPA2 peke yake uone. Usikubali kamwe ushauri wa kuondoa ulinzi wote ili “mtandao uwe mwepesi”.

Sasa zile siku za mshangao. Ikiwa ukurasa wa ruta haukufunguka, tatizo linaweza kuwa la anwani. Kila kifaa kinapojiunga huazimwa na ruta anwani ya kutumia kwa muda fulani. Fungua maelezo ya mtandao kwenye kishikwambi usome anwani ya IP: ikianza na 169.254, kifaa kimejitungia chenyewe baada ya kuomba na kukosa jibu. Huenda ruta imewekewa idadi ndogo ya anwani na vifaa vya wageni vimezimaliza, au huenda fundi wa zamani alikipa kishikwambi chako anwani ya kudumu ambayo leo ruta imemwazima mwingine, na viwili vyenye anwani moja hugombana mpaka kimoja kitoke. Hakikisha anwani imewekwa itolewe na ruta yenyewe, kisha kwenye kishikwambi chagua kuusahau mtandao, kizime na kukiwasha, uunganishe upya kwa nenosiri. Kitendo hiki kinachoonekana cha kishirikina kina sababu yake: hufuta kumbukumbu za zamani za muungano, mipangilio ya anwani ikiwemo, ambazo kuzima na kuwasha peke yake hakuzifuti.

Kama ruta yako inaruhusu vifaa vilivyoorodheshwa tu, jua pia kwamba tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iPadOS 14 ya mwaka 2020, vifaa vingi hujitambulisha kwa anwani ya kifaa (MAC, si ile ya IP) ya kubuni badala ya ile ya kiwandani, hivyo ruta inaweza kukikataa kifaa ilichokijua kwa miaka. Kwa mtandao wa nyumbani unaweza kuuzima usiri huo bila hofu kubwa.

Hayo yote yakishindikana, weka upya mipangilio ya mtandao pekee. Hatua hiyo hufuta manenosiri yote ya Wi-Fi na vifaa vya Bluetooth ulivyooanisha, lakini haigusi picha wala maandalio yako ya masomo. Kurudisha kishikwambi kama kilivyotoka kiwandani ni baada ya hapo, na ni baada ya kunakili kila kitu mahali pengine. Kuhusu kununua kingine, nitakubaliana na fundi wako wa pili endapo kishikwambi kitakatika hata kikiwa mita moja kutoka kwenye ruta mbili au tatu tofauti, au swichi ya Wi-Fi itagoma kuwaka, au tatizo lilianza siku kilipoanguka au kuingia maji. Antena iliyochomoka ndani hurudishwa na fundi mwangalifu, kwa hiyo hata hapo muulize kwanza kama amekifungua na kuangalia.

SWALI

Kishikwambi changu hakina tatizo nyumbani, lakini kwenye Wi-Fi ya wageni maktabani hukatika kila baada ya muda, na mara nyingine ule ukurasa wa kuingilia haujitokezi kabisa. Je, ni kishikwambi au ni maktaba?
Msomaji wa maktabani

JIBU

Ni utaratibu wa mtandao huo. Wi-Fi za wageni huwekewa muda, na muda ukiisha hukutaka uingie tena. Huna la kurekebisha. Ukurasa usipojitokeza, zima VPN (programu inayopitisha mawasiliano yako kwa njia iliyofichwa) kama unaitumia, na uirudishe mipangilio ya DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba) iwe ya kujiendesha, kwa sababu vyote viwili huizuia ruta kukuelekeza kwenye ukurasa wake. Kisha andika kwenye kivinjari anwani ya tovuti yoyote inayoanza na http bila s, nao ukurasa wa kuingilia utakuja. Ukishaingia unaweza kuiwasha VPN tena, na kwenye mtandao wa watu wengi ningekuhimiza ufanye hivyo.

SWALI

Nimenunua kifaa cha kurefusha Wi-Fi nikakiweka chumbani ambako kishikwambi hukatika. Sasa alama imejaa lakini kurasa zinafunguka kwa taabu kuliko zamani. Nimeuziwa kibovu?
Mnunuzi mwenye majuto

JIBU

Yumkini si kibovu, umekiweka mahali pasipofaa. Alama iliyojaa inakuonyesha umbali kati ya kishikwambi na kirefushi, si hali ya mawimbi ambayo kirefushi chenyewe kinapokea kutoka kwenye ruta. Kikiwa chumbani kinapokea mawimbi yaleyale hafifu ambayo kishikwambi kilikuwa kinapokea, kisha kinakurudishia udhaifu huo kwa sauti kubwa. Kihamishie njiani, mahali ambapo mawimbi ya ruta bado yana nguvu, kwa mfano kwenye korido. Na kama kinatumia redio moja kupokea na kutuma, kasi itapungua kwa karibu nusu hata kikiwa mahali pazuri, kwa kuwa hakiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Kama kina tundu la waya wa mtandao na unaweza kupitisha waya kutoka kwenye ruta, upitishe, kisha ukiweke katika hali ya kurusha kutoka kwenye waya. Hapo unaweza kukirudisha chumbani.